KWENYE MZIGO WA CHINA MASWALI MIA, KWENYE ZABIBU ZA UFARANSA WANATUMA HELA TU!

Basi bwana, picha ilipanda Jumapili jioni, muda ule ambao mji mzima umelala chali unaperuzi simu. Dada mmoja maarufu wa mjini hapa, jina kapuni, yule wa kope ndefu na sauti ya kudeka, kasimama katikati ya mizabibu na glasi mkononi. Kofia pana, gauni jeupe la kupepea, jua la jioni usoni. Chini kaandika maneno machache tu: wenye akili zao tutakuwa nao Septemba. Kufika asubuhi picha ina komenti mia tisa, nusu makopa na moto, nusu "dada tunakujaje huko?"

Tangazo likafuata. Safari ya mabosi, siku saba, Paris na mkoa wa Champagne, msimu wa mavuno, viti kumi tu. Kianzio milioni tatu, kinatumwa kwa simu, hakirudishwi. Grupu la WhatsApp likafunguliwa usiku huohuo na kabla ya Ijumaa viti vimejaa.

Sasa waliojaza vile viti ndiyo stori yenyewe. Siyo wake za vigogo, wala mabinti wa Masaki. Wengi ni watoto wa Kariakoo: wauza mitandio, wauza wigi, wauza makava ya simu, wanaofungua fremu asubuhi Mtaa wa Congo na Aggrey, wakifunga jioni miguu imevimba. Mmoja wao anauza madera. Alikuwa kwenye mchezo wa wanawake kumi na wawili na zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika. Hela ile alishaipangia kodi ya fremu, na kodi za Kariakoo kila mtu anazijua. Ikaenda Champagne. Iliyopungua akajazia na mkopo wa kausha damu, marejesho kila wiki.

Viza ikagoma. Barua ilisema kwa lugha ya kiofisi kwamba hajaonyesha uwezo wa kujihudumia huko aendako, na kwamba hawajaridhika kuwa atarudi kwao. Alipoulizia kianzio chake, bosi wa safari akamjibu kwa sauti ya sekunde tisa: "Mamii, si nilisema hairudishwi? Mungu atakupa zamu nyingine." Dakika tano mbele akatolewa kwenye grupu. Septemba ilipofika, waliopanda ndege walikuwa wanne kati ya kumi. Binti wa madera leo anauza madera yaleyale, ila kwenye kibaraza cha mtu, kwa kamisheni.

Mtaani watu wamegawanyika. Kuna wanaosema wivu tu, mwacheni mwanamke atafute riziki yake. Kuna wanaomcheka binti: tamaa mbele, nani alimtuma? Wote wanapiga pembeni, maana hakuna anayeuliza ilikuwaje mtoto wa Kariakoo, aliyekulia kwenye biashara, akapigwa kirahisi namna ile.

WINGA NI WINGA, HATA AKIWA NA KOPE

Kariakoo kila mtu anamjua winga. Mgeni wa mkoani akishuka Msimbazi na begi lake, winga kashamdaka: "Bosi unatafuta nini, njoo huku kwenye bei ya jumla." Winga hana duka, hana stoo, hana mzigo. Ana mdomo na anajua mlango gani upeleke mteja. Anachukua bei ya dukani, anapachika cha juu, wote wanaondoka wanacheka. Hakuna dhambi hapo. Winga mzuri anaokoa muda, na wapo mawinga waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa kazi hiyohiyo.

Lakini winga hampati mwenyeji. Mwenyeji anajua bei ya dukani, kwa hiyo cha juu anakiona kinakuja toka mbali.

Haya, dada wa kope ni nani kama siyo winga? Hana hoteli Reims. Hana basi. Hana shamba. Hata ile mizabibu aliyosimama katikati yake ni ya watu, na mashamba mengi ya kule hayana uzio, mtu yeyote anayepita barabarani anaweza kusimama akapiga picha. Leseni ya wakala wa safari hajawahi kuonyesha mtu. Alichonacho ni mafolowa, simu nzuri na mdomo. Tofauti yake na kijana wa Msimbazi ni kwamba yule wa Msimbazi, mzigo ukiwa mbovu, kesho unamkuta palepale kwenye kona unamkaba shati.

MASWALI YAMEPOTELEA WAPI?

Sasa mwangalie huyohuyo binti wa madera anapoagiza mzigo Guangzhou. Wakala ofisi yake iko mtaa gani? Nani kashapitisha mzigo kwake? Anachaji kwa kilo au kwa CBM? Video ya mzigo wenyewe iko wapi, siyo picha za katalogi? Kitambaa kikija tofauti nani anabeba hasara? Anatoa advansi kidogo, nyingine anaishika mpaka mzigo ukaguliwe. Mbeba mzigo akiongeza mia tano, wanabishana mpaka wapita njia wanasimama kuangalia.

Huyo mwanamke siyo mjinga hata kidogo. Ila ilipofika Champagne hakuuliza hata swali moja. Milioni tatu zimeondoka kwa sababu ya picha na sauti ya kudeka.

Sababu ni aibu. Mjini hapa kuuliza bei ya mzigo ni ujanja, kuuliza bei ya bata ni ushamba. Ukiuliza kwenye grupu la mabosi "hoteli gani, na usiku mmoja shilingi ngapi?" unaonekana huna hela, hukustahili kuwemo. Kila mtu ananyamaza ili aonekane kazoea. Watu kumi ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufika, wamekaa kwenye grupu moja wanajifanya wenyeji. Aibu hiyo ndiyo mtaji wa dada wa kope, kuliko hata zile kope.

Basi yaulizwe hapa, bila aibu.

Swali la kwanza, viza inauzwa? Haiuzwi. Ufaransa iko ndani ya Schengen na tangu Juni 2024 ada ya viza ya mtu mzima ni euro 90, zaidi ya laki mbili za hapa, ukikataliwa hairudi. Bima ya safari inatakiwa, inayofidia matibabu yasiyopungua euro 30,000. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, majibu kwa kawaida ni siku 15 na yanaweza kufika 45. Na anayepimwa ni mwombaji mwenyewe: kazi yake, biashara yake, akaunti yake, kilichomfunga nyumbani. Hakuna staa anayeweza kumwombea mtu kura pale dirishani.

Halafu kuna ule mchezo wa kujaza akaunti. Miezi mitano stetimenti inasoma laki mbili, laki na nusu, laki mbili, halafu Jumanne moja zinaingia milioni kumi na tano. Ofisa wa viza naye ana macho. Anaziona zimeingia na anajua zitatoka. Mwenye fremu angeonyesha leseni ya biashara, TIN, mkataba wa pango, risiti za mizigo na miezi ya mauzo yanayoeleweka, ana cha kusimamia hata bila mamilioni ya kuazima. Binti wa madera karibu vyote hivyo alikuwa navyo kabatini. Hakuna aliyemwambia avitoe. Aliambiwa atafute mtu wa kumjazia.

Swali la pili, kwa nini ulipe kabla ya viza? Wanachotaka kuona kwenye maombi ni kwamba umeshikilia nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi na mahali pa kulala. Hoteli nyingi unashikilia chumba na kukifuta bure ukiwahi tarehe yao. Pesa kubwa inatoka viza ikishakuwa kwenye pasipoti. Anayedai kianzio kisichorudi kabla ya viza amemwachia mteja hatari yote, faida amebaki nayo yeye. Mzigo wa hivyo Kariakoo hakuna anayeununua.

Swali la tatu, bei ya dukani ni ipi? Toka Paris mpaka Reims, mji mkubwa wa Champagne, treni ya kasi inatumia kama dakika 45. Nyumba kubwa za shampeni zina tovuti zao, unachagua siku na saa, unalipa kwa kadi. Ziara ya kawaida ya kushuka kwenye mahandaki na kuonjeshwa glasi, nyingi zinaanzia kama euro 25 mpaka 40. Hiyo ndiyo bei ya dukani. Aliyelipishwa malaki kwa ajili ya "ziara ya siri ya mabosi" ajue amelipia kope.

Swali la nne, msimu wenyewe ukoje? "Msimu wa mavuno" ni neno tamu kwenye tangazo. Champagne wanavuna kati ya mwishoni mwa Agosti na Septemba, tarehe inabadilika kila mwaka kulingana na zabibu zilivyoiva, na sheria yao inataka zichumwe kwa mkono. Maana yake ni kwamba mkulima wiki hizo hana hata muda wa kunywa chai. Wakulima wadogo wengi hawapokei wageni kabisa kipindi hicho. Ni sawa na mtu aje Kariakoo wiki ya mwisho kabla ya Idi, amwombe mwenye duka amtembeze stoo taratibu amweleze historia ya madera. Nyumba kubwa ziko wazi, sawa, ila huko utaona chupa na handaki. Kuvuna utakuangalia kwa dirisha la basi.

Swali la tano ndilo gumu kuliko yote: unaenda kufanya nini? Binti wa madera hanywi pombe. Hajawahi. Kinywaji chake ni juisi ya ukwaju ya baridi. Shoga yake alipomuuliza huko kwenye mahandaki ya waini atafanya nini, alijibu neno moja: "Picha." Na yale mahandaki, kwa taarifa ya wenye magauni ya kupepea, yana baridi ya nyuzi kama 10 mpaka 12 mwaka mzima. Asiyekunywa hazuiwi kwenda, historia ya kule ni nzuri na vilima vyake viliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015. Ila mtu akikaa chini akachagua safari kwa moyo wake mwenyewe, bila kuangalia nani atamkomentia, huenda milioni zile zingempeleka Istanbul, akapumzika siku tatu, siku ya nne akarudi na sampo za vitambaa.

"KWA HIYO MASIKINI ASISAFIRI?"

Hili linakuja tu, kwa hiyo lijibiwe mapema. Asafiri! Tena mtoto wa Kariakoo ndiye mwenye haki ya kusafiri kuliko wengi wanaojiita mabosi, maana hela yake ina jasho. Wapo wanawake wa Kariakoo walioingia Guangzhou hawajui hata salamu ya Kichina, wakabonyeza kikokotozi, wakapata bei, wakarudi na kontena. Wapo wanaoijua Dubai kichochoro kwa kichochoro. Mwanamke wa namna hiyo ashikwe mkono kwenda Reims na mtu ambaye kazi yake ni kupiga picha? Anaweza kwenda mwenyewe, na kwa bei ya dukani.

Na wale wanaosema "hela yake, bata lake, yanawahusu nini?" waangalie vizuri hela ilikotoka. Zamu ya mchezo ni jasho la wanawake kumi na wawili. Binti aliposhindwa kuchangia zamu zilizofuata, wawili kati yao walikwama ada za watoto. Kausha damu wakaja kibarazani kuchukua meza. Bata la mtu mmoja likawanyima usingizi nyumba tatu.

ZABIBU ZINAPITA MLANGONI

Kinachouma zaidi ni hiki. Wakati lile grupu linajadili rangi ya magauni ya kuvaa kwenye mizabibu, machinga alikuwa anapita mbele ya fremu zao na beseni la zabibu kichwani. Zabibu za Dodoma. Hakuna aliyemuuliza hata zimetoka shamba gani.

Dodoma wanalima zabibu tangu wamisionari wa Kikatoliki walipopanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950. Leo kuna mashamba Hombolo, Makutupora, Chinangali kule Chamwino. Kituo cha utafiti wa zabibu kipo Makutupora, na kuna aina ya zabibu nyekundu inayoitwa kwa jina hilohilo. Na jambo ambalo Mfaransa wa Champagne hana: Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Ukikosa mavuno ya mwanzoni mwa mwaka, subiri ya Agosti na Septemba.

Treni ya SGR ilianza kwenda Dodoma katikati ya mwaka 2024. Stesheni yake ya Dar ni dakika chache kwa bodaboda toka Kariakoo, safari ni kama saa tatu na nusu mpaka nne, na nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 31,000. Kwenda na kurudi, 62,000. Ile ada ya viza peke yake, isiyorudi hata ukikataliwa, inampeleka mtu Dodoma, inamlaza, inamlisha nyama choma, inamrudisha Jumapili usiku na chupa mbili kwenye begi. Jumatatu fremu inafunguliwa kama kawaida.

Lakini waini ya Dodoma mjini inaonewa haya. Kwenye kamati za harusi inaitwa ya kanisani, inaitwa ya walevi. Dada wa kope mwenyewe ameonekana kwenye sherehe akiisogeza pembeni chupa ya Dodoma kabla kamera haijawaka. Wakati huohuo wakulima kule wamelia miaka nenda rudi kwamba zabibu zimeiva na mnunuzi hakuna. Anayekwenda kupiga picha kwenye shamba la Mfaransa hajawahi kumnunulia Mgogo hata glasi.

Hapa ukweli usemwe wote. Dodoma haijawa Champagne. Hakuna mtaa mzima wa nyumba za waini kama ule wa Épernay, sehemu zilizojiandaa kupokea wageni ni chache, usipopiga simu kabla unaweza kukuta geti limefungwa. Hilo linahitaji watu wenye sauti ya kuleta wageni. Nani mwenye sauti kuliko dada wa kope? Akitangaza leo wikendi ya Hombolo, binti thelathini wanapanda treni Jumamosi, wanaona zabibu zinachumwa, wanaokunywa wanakunywa, wasiokunywa wanakula zabibu, wote wanapiga picha mpaka simu zizime. Hakuna viza ya kugoma. Mkulima anapata mteja.

Hatatangaza. Nauli ya Dodoma kila mtu anaijua, na bei ikishajulikana winga hana pa kupachika cha juu.

TANGAZO JIPYA

Wiki hii kuna picha nyingine imepanda. Safari hii ni Bordeaux, mwezi wa nne, kianzio milioni nne, viti vichache vimebaki. Jirani wa binti wa madera pale kibarazani, muuza wigi, alikuwa ameshaandika namba ya kutuma hela, bado neno la siri tu. Binti akamshika mkono. Akamwambia kabla hujatuma, uliza vitu vitatu kwenye grupu, mbele ya watu wote: leseni ya wakala iko wapi, viza ikigoma kianzio kinarudi, na hoteli inaitwaje nipige simu mwenyewe.

Akauliza. Dakika mbili hazikuisha, katolewa kwenye grupu.

Milioni nne bado ziko kwenye simu yake. Bordeaux nayo haijahama: Paris mpaka pale ni saa mbili na kitu kwa treni ya kasi, na siku akitaka kwenda ataikuta palepale.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani mwingine katolewa kwenye grupu kwa sababu ya kuuliza bei?